Mstari wa Shekue

Kwanza nguvu ilikuwa na sura. Hilo Sikudhani alilijua kama alivyolijua jina la mama yake, na hapakuwa na wa kumbishia, maana wote wa kumbishia walizaliwa juzi. Alikuwepo moto ulipokuwa moto: ukitaka kujua nani anapika unatazama moshi, ukitaka kujua nani atalala na njaa unatazama pasipo na moshi. Alikuwepo mto ulipokuwa ukigeuza jiwe la kusagia, na mto wenyewe ulionekana ukichoka, ukitokea upande wa pili wa kinu polepole, unatoa povu kama ng'ombe aliyetoka kulima. Alikuwepo enzi za makaa na mvuke, alipokuwa, katika maisha mengine, mwanamume na jina lake lilikuwa jingine, akishika koleo mbele ya tanuru. Na abiria wa garimoshi alishuka na masizi puani, akapiga chafya, akajua kwamba huko mbele kuna mtu ameungua kwa ajili yake. Kabla ya hapo aliwahi kuwa punda. Haoni haya kusema. Punda alipigwa, lakini alionekana.

Katika mji huu wa mlimani, ambao jina lake limefichwa kama kilivyofichwa kila kitu chake cha maana, gurudumu kubwa lilikuwa katikati ya soko. Mihimili sita, watu arobaini, wanazunguka tangu alfajiri, na kwa kuzunguka kwao jiwe linasaga, maji yanapanda, cherehani za mafundi zinakwenda. Na palikuwa na desturi. Aliyekuja kuchukua unga wake hakuondoka hivi hivi. Alimwendea msukumaji mmoja, yeyote, akamwekea kiganja mgongoni palipolowa, akasema, "Jasho lako nimeliona." Basi, akaenda zake. Asiyefanya hivyo unga wake ulimwagiwa kuku, na mama yake mzazi ndiye aliyeumwaga.

Ndipo wakaja Wenye Miwani. Hawakuja na bunduki, na hilo ndilo lililowaponza watu, maana mtu wa bunduki unamjua tangu mbali. Walikuja na pazia. Wakasema, jamani, si aibu hii, watu kutoka jasho mahali panapouzwa chakula? Wakaning'iniza pazia. Mwaka uliofuata pazia likawa bati, bati likawa tofali, na nyuma ya tofali wakachimba shimo, wakalishusha gurudumu pamoja na watu wake, Sikudhani akiwemo, chini ya mlima. Kamba iliyotoka kwenye gurudumu kuja sokoni ilikuwa nene kama paja. Wakaipunguza ikawa kama mkono, kisha kama kidole, kisha ukawa waya wa shaba mwembamba kama njiti ya ufagio, unaopita ndani ya ukuta, hauonekani. Kadiri kamba ilivyosinyaa ndivyo watu walivyosahau. Mwishowe kikabaki kitufe. Unabonyeza, taa inawaka. Mtoto akiuliza nguvu inatoka wapi, anaambiwa inatoka ukutani. Na ukuta unaitoa wapi? Mlimani. Na mlima? Hapo anapigwa kofi, kwa sababu kila elimu ina mahali ambapo kofi huanza.

Watu husema asiyeonekana yumo gizani. Si kweli. Giza linaogopwa, linamulikwa, linapigiwa kelele. Kutoonekana ni jambo jingine kabisa: ni kuwa ndani ya mwanga wenyewe, kuwa ndiwe mwanga, na mwenye macho akakutumia kumtazama mwingine. Nani aliwahi kuwasha taa akaiona taa? Anaona meza. Anaona sahani yake, anaona uso wa mkewe, anaona kitabu kinachomweleza jinsi wanadamu walivyoendelea. Kwa miaka thelathini, au mia tatu, maana chini kule miaka haigawanyiki vizuri, Sikudhani alikuwa akizifanya meza za watu zionekane. Hakuna meza hata moja iliyowahi kumrudishia salamu.

Shimoni kazi ilikwenda kwa wito. Hapakuwa na kiboko wala kengele. Wenye Miwani walikuwa na akili kuliko kiboko. Mwitaji aliuliza, "Mlima una nini?" na wasukumaji wakajibu, "Una sisi!" na kwenye lile jibu mguu wa kushoto ukakanyaga, mhimili ukasogea. Mwitaji akinyamaza, gurudumu husimama. Mwitaji akiita, miguu hukanyaga kabla kichwa hakijapata habari. Mtu aliweza kusinzia, kuota, kulia, kugombana na mke aliyekwisha kufa, lakini akisikia "una nini" guu limeshatua. Wito ule aliutunga Shekue, kaka yake Sikudhani, aliyechechemea mguu wa kulia na kuimba kwa koo lenye mkwaruzo, ili watu wasisahau kwamba wapo. Aliutunga kwa nia njema. Wengi waliofungwa hapa duniani wamefungwa kwa kamba iliyosokotwa kwa nia njema.

Kando ya gurudumu palikuwa na kifaa: pipa dogo la shaba lililovikwa karatasi, na kalamu ya risasi iliyofungwa kwenye kijiti cha chuma. Gurudumu likisukumwa kwa nguvu, kalamu inapanda; likilegea, inashuka; na pipa linageuka taratibu, hata jioni unapata mstari mrefu wenye vilima na mabonde. Karatasi zilipelekwa juu zikasomwa na watu ambao hawakuwahi kuuliza nani kazichora. Mtunza kalamu alikuwa Ngwali, msukumaji wa zamani aliyeumia mgongo, ambaye kwa kuutazama mstari tu angekwambia leo fulani ana homa, leo fulani kanuniwa na mumewe. Na katika mstari ule, kila mzunguko, palikuwa na kinundu kidogo juu ya kilima kikubwa, kama ngamia aliyebeba mtoto. Kile kinundu kilikuwa kuchechemea kwa Shekue.

Siku aliyokufa, karatasi ilisema hivi: kinundu, kinundu, kinundu, kisha mstari ukaporomoka mpaka chini, ukaenda tambarare kwa upana wa vidole vitatu, kisha ukapanda tena, laini, bila kinundu. Vidole vitatu ndio muda waliosimama kumtoa chini ya mhimili. Huko juu taa zilififia, watu wakacheka, wakasema Ukuta umepepesa macho. Sikudhani aliandika barua, kwa herufi alizojifundisha mwenyewe kwa mkaa sakafuni, akasema kaka yake amefariki, na kwamba anaomba jina lake lisomwe sokoni kama yanavyosomwa majina ya maiti wengine wa mji. Jibu lilishuka pamoja na ndoo ya uji: *Chini ya ukuta hakuna mtu. Kwa hiyo hakuna aliyekufa.*

Ngwali ndiye aliyeichomoa karatasi ya siku ile kwenye pipa kabla haijapelekwa juu, akampa Sikudhani, akachora nyingine ya uongo kwa mkono wake. Sikudhani akaishona kwenye pindo la kaniki yake. Akatembea nayo, kaka yake akimgonga kifundo cha mguu kila hatua.

Na Ngwali hakuwa mtu baki. Alikuwa mtani. Koo zao zilitaniana tangu vita fulani ambayo hakuna tena anayekumbuka nani alishinda, na anayejua utani anajua uzito wake: mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kukamata kuku wako akamchinja unamtazama, lakini siku ya msiba ndiye anayekuzika. Ngwali alimchimbia Shekue kaburi katika udongo wa shimo, na mgongo wake ule mbovu, kisha akajilaza ndani yake akagoma kutoka. "Hapa pazuri," alisema, "marehemu akatafute kwingine." Mpaka Sikudhani, machozi yanamchuruzika, akacheka. Mtani hutukana. Mtani hunyang'anya. Lakini kwa watu hawa mtani hakuwahi kusadikiwa, na hakuwahi kushukiwa. Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo watu wengine wasingeweza kulifanya, kwa sababu hawana watani.

Shauri lenyewe lilikuwa jepesi. Mara moja kwa mwaka, huko juu, husherehekewa Siku ya Ukuta, mchana wa saa sita, katika ukumbi usio na dirisha hata moja, kwani wenye ukumbi wanajivuna kwamba hawalihitaji jua. Ngwali, ambaye siku hizi aliitwa juu mara kwa mara kuwafasiria michoro, angeitundika karatasi ya Shekue mbele ya watu. Sikudhani, aliyerithi kazi ya kuita baada ya kaka yake, angepanda juu na kumwachia wito Kidawa, mwitaji wa akiba. Saa sita kamili Kidawa angenyamaza. Gurudumu lingesimama, taa zingezimika. Na katika giza lile, watu wakiwa hawana la kufanya ila kusikiliza, Sikudhani angewaambia mstari ule ni nini na mtu yule alikuwa nani. Hakutaka fidia. Hakutaka kuombwa radhi na mtu. Alitaka mji ule utamke "Shekue" kwa kinywa chake, mara moja, ili awe amekufa sawasawa.

Walikubaliana wakinywa uji.

"Na wewe Ngwali," Kidawa alimchokoza, "huko juu wanakupa mpaka viti vya kukalia. Hutatuuza kweli?"

"Nitawauza," Ngwali akasema, akilamba kijiko. "Niwauze wote kwa suti moja. Na hiyo miguu yenu yenye magaga nawapa juu yake, ya nyongeza."

Watu wakavunjika mbavu.

"Suti ya rangi gani, mtani?" Sikudhani akauliza.

"Kijivu. Na huyo Shekue wako namfungia ndani ya kioo, asinikimbie. Hata maiti simwamini yule."

"Mwone! Uliyezaliwa ukitanguliza makalio!"

"Ndiyo maana naiona dunia ilivyo, dada, kinyumenyume. Jamani nitawauza. Msije mkasema sikuwaambia."

Wakacheka mpaka uji ukapoa. Mzee mmoja alipaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Hata leo ukimwuliza Sikudhani ni kitu gani kilichomuuma kuliko vyote, hatakutajia karatasi, wala ukumbi. Atakutajia kile kicheko, na jinsi yeye alivyocheka kuwashinda wote.

Kutoka shimoni hadi juu ni ngazi mia tatu na sitini. Alizipanda peke yake, Ngwali ametangulia na karatasi tangu juzi.

*Ngazi ya kwanza mimi ni punda. Ngazi ya arobaini mimi ni mtu wa tanuru, nina ndevu, nakohoa makaa. Ngazi ya mia nimekuwa mto, wamenitia ndani ya bomba, nauliza samaki wangu wako wapi. Pumua, Siku.*

*Nani ananisukuma sasa hivi? Uji wa asubuhi. Nani aliusukuma uji? Mtama. Nani aliusukuma mtama? Jua. Kumbe hata jua ni msukumaji. Lakini jua likizama watu hutoka nje kulitazama, husimama kimya, husema lo, tazama. Sisi tukizama hutazamwa nini?*

*Mia mbili na kumi.*

*Wameandika katika vitabu vyao, Ngwali alinisomea, kwamba katika kila mashine kuna sehemu ya nguvu isiyofika mwisho wa safari. Inatoka njiani, kama joto, kama kelele, kama jasho. Wanaiita hasara. Wanapigana nayo mchana kutwa, waipunguze. Kelele ndizo nyimbo zetu. Joto ndiyo miili yetu. Jasho ni letu. Kumbe kila kidogo tulichobaki nacho sisi ndicho hicho walichokipa jina la hasara.*

*Mia tatu. Tulia, kaka. Leo hunigongi mguu. Nimezoea vibaya.*

Ngwali alimpokea mlangoni. Alikuwa amevaa suti ya kijivu.

Sikudhani alishika mdomo asiangue kicheko mbele za watu. Kumbe mtani huyu hufanya utani mpaka na nguo! "Imekubana makalio," alimnong'oneza.

"Ingia, dada," Ngwali akasema. Hakumtazama. "Kaa mbele. Karibu na maji, kama utasikia kizunguzungu."

Ukumbi ulikuwa mweupe, mweupe wa kuumiza, taa juu ya taa, na watu mia nne wamekaa wakimeremeta kama sufuria zilizosuguliwa kwa majivu. Mbele, ndani ya kioo, ilitundikwa karatasi ya Shekue, imenyooshwa, imewekewa fremu ya dhahabu na taa yake peke yake kubwa inayoiangaza kwa karibu, ya moto. Sikudhani aliiona tangu mbali: kinundu, kinundu, kinundu. Kwa mara ya kwanza tangu dunia ianze kufichwa, mtu wa chini alikuwa juu ya ukuta, si ndani yake. Akasogea asome maandishi yaliyo chini ya fremu, herufi moja moja, kwa mdomo. *Pumzi ya Mlima. Kielelezo cha Kanuni Kuu: Nguvu Haipotei.*

Akasoma tena. Akadhani amekosea kusoma. Aliyejifundisha mwenyewe hujidhania kosa kwanza.

Ngwali alikuwa ameshapanda jukwaani, glasi ya maji mkononi mwake, sauti yake imekuwa ya mtu mwingine.

"Mabibi na mabwana, tazameni hapa. Mstari unakwenda, unakwenda, halafu unaanguka. Wapo watu wenye hisia kali ambao wangesema: hapa kuna kitu kimepotea. Lakini tazameni mbele kidogo. Unapanda tena! Unapanda, tena safi kuliko mwanzo. Elimu inatufundisha kwamba nguvu haizaliwi wala haifi. Hubadilika tu. Kilichotoka hapa kiliingia pale. Mlima ulivuta pumzi, ukaendelea na safari. Hakuna kilichopotea."

Makofi yakanyesha.

Sikudhani alikaa akingoja utani uishe. Sasa hivi, alijiambia. Sasa hivi atajilaza chini agome kuamka. Sasa hivi atageuza makalio kwa Wenye Miwani, ukumbi wote upigwe na butwaa, na mimi nicheke. Alingoja kama mtu anavyongoja mguu uliokufa ganzi uamke. Ngwali alikunywa maji akafungua ukurasa wa pili.

Na kilichomchoma zaidi ni kwamba kanuni ile ilikuwa ya kweli. Uongo angeujua, uongo una dawa yake. Lakini hii ilikuwa kweli iliyotumwa kufanya kazi ya uongo, na hiyo haina dawa inayojulikana. Ni kweli haipotei. Shekue alisukuma mhimili, mhimili ukaenda kwenye waya, waya ukaenda kwenye taa, taa ikaangaza sahani ya mtu, mwanga ukagota ukutani ukawa joto, joto likavuja likaenda zake angani. Lipo lote, halikupungua hata chembe. Haya, nenda kalilete! Kitanda kilichoungua nacho kipo chote, moshi wake upo, majivu yake yapo, joto lake lipo, kilalie basi. Watu hawa walikuwa wamegundua kwamba hakuna kinachopotea, kisha wakaacha kusema neno moja tu, kwamba hakuna kinachorudi. Neno hilo moja ndilo walilolijengea ukuta.

Saa ya ukutani ikagonga sita.

Taa zikafifia. Zikawa manjano, zikawa nyekundu kama macho ya mlevi. Huko chini Kidawa alikuwa amenyamaza. Ukumbini wakaguna, wengine wakacheka, "Unapepesa! Unapepesa!" Sikudhani akasimama. Miaka mia tatu ilisimama pamoja naye.

"Ndugu zangu," alisema, "mtu yule mnayemwona pale..."

Ngwali akamwahi. Aliruka kutoka jukwaani, na mgongo wake ule, akaliendea bomba la shaba lililotokeza ukutani, bomba linaloshuka mpaka shimoni, ambalo siku zote lilitumika kutangaza kwamba uji unashuka. Akafungua kifuniko. Akaweka mdomo. Na kwa sauti ya Shekue, kwa mkwaruzo uleule wa koo, na ile pumzi fupi ya mtu anayechechemea, akaita:

"Mlima una nini?"

Akatega sikio.

Kisha kutoka ndani ya ukuta, mbali sana, kama watu wanaozungumza chini ya maji: "Una sisi!"

Taa zikapanda. Ngwali akaita tena, na tena, na kila jibu lilikuja kubwa zaidi, na taa zikawaka kuliko zilivyowahi kuwaka, kwa maana huko chini watu walikuwa wamesikia sauti ya marehemu wao na walisukuma kwa machozi. Ukumbi mzima ulisimama. "Mlima umejibu!" walipiga kelele. "Mmesikia? Mlima umesema!" Mama mmoja mwenye kilemba cha hariri alilia, akamkumbatia jirani yake asiyemjua.

Sikudhani hakuwalaumu wale wa chini. Alitazama sakafuni. Juu ya zulia la watu, bila ya yeye kujua, mguu wake wa kushoto ulikuwa umekanyaga.

Alimfuata Ngwali nyuma ya jukwaa wakati makofi bado yanaunguruma.

"Mtani."

"Nilikwambia, dada." Ngwali alikuwa akijifuta uso. "Mbele ya watu wote nilikwambia. Nikataja mpaka rangi."

"Ulikuwa unatania."

"Ni lini mimi niliwahi kukudanganya? Nilisema nitawauza mkacheka. Nikarudia, mkacheka zaidi. Nilikuwa nangoja mmoja wenu tu aache kucheka, Siku. Mmoja tu aniulize kama ni kweli, hata angekuwa wewe. Ningetupa kila kitu."

"Kwa hiyo kosa ni letu."

"Sikusema hivyo."

"Sauti yake, Ngwali. Hata sauti yake?"

"Taa zingezimika wangeliziba shimo na nyie ndani!" alisema kwa ukali, kisha akashusha sauti. "Nimeiona barua ya amri hiyo mezani kwao. Na sasa hivi angalau yuko ukutani, ndani ya fremu, watu wanamtazama. Si ndicho ulichotaka, aonekane?"

"Nani anayeonekana pale?"

"Mstari wake."

"Nakuuliza nani."

Ngwali akafumbua mdomo. Jina lilimfika mpaka kwenye meno, Sikudhani aliliona likifika. Mmoja wa Wenye Miwani akapita, akampigapiga bega la suti, akasema kazi nzuri sana, na Ngwali akalimeza.

"Nilikuzikia ndugu yako kwa mikono hii," alisema baadaye, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu ambaye hayupo.

"Ulimzika mara moja vizuri," Sikudhani akajibu. "Nani alikutuma umfukue?"

Akamwacha hapo. Akachukua ile glasi ya maji iliyokuwa jukwaani, akaenda nayo mpaka mbele ya fremu, na watu wakampisha, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Akachovya kidole cha shahada majini. Akaandika juu ya kioo, pale pale mstari ulipoangukia, kwenye vile vidole vitatu vya utupu, kwa herufi zake kubwa alizojifundisha kwa mkaa: S. H. E.

Ile taa ya fremu ilikuwa ya moto kama jiko. Alipofika U, S ilikuwa imekauka. Alipomaliza E ya mwisho, palisomeka herufi mbili tu, nazo zilikuwa zinaondoka.

Akachovya tena, akaandika haraka zaidi. Ikawa vilevile. Mara ya tatu aliandika ndogondogo, akabana herufi, na bado mwanzo wa jina ulikufa kabla mwisho haujazaliwa.

"Mama," kijana wa kike wa mstari wa mbele aliuliza kwa adabu, "na hii ni sehemu ya onyesho?"

Sikudhani akachovya kidole tena. Nyuma yake alisikia viatu vya Ngwali vikisogea, vikasimama.

"Unajichosha bure, dada Siku. Taa ile ina moto."

"Najua ina moto. Wanaisukuma wenzako thelathini na tisa."

Akaandika mara ya nne, polepole safari hii, si kwa kutaka lisomeke, ila kupima. Akahesabu kwa pumzi kama alivyohesabu mizunguko maisha yake yote. Pumzi mbili herufi moja. Pumzi sita herufi inakauka. Kidole kimoja hakiwezi. Hakikuwahi kuweza, hata kingekuwa kidole cha nabii. Lakini vikiwa viwili, kimoja kinaanza na kingine kinamalizia, jina lingesimama zima, kwa kitambo cha kutosha mtu kulitamka.

Aliiweka glasi ukingoni mwa meza iliyokuwa chini ya fremu, mahali mkono wowote ungeifikia. Kisha akageuka akawatazama. Walikuwa watu mia nne, na kila mmoja alikuwa na vidole kumi.